Kunde Zako za Kangemi

Uthiru, Nairobi
Februari 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Cucu, nyanya yako, alipitia kwangu Jumapili akielekea Kikuyu. Magoti yake yana nafuu, na ameagiza nikukumbushe ule vizuri, usishinde chuoni Chiromo na vitabu tumbo tupu.

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu magunia uliyopanda mboga juu ya paa la ploti yenu ya Kangemi. Unasema maji ya mfereji yalipokosekana siku kadhaa kwa sababu ya mgao, sukuma wiki ililegea na majani yake ya chini yakageuka manjano, lakini kunde zilijikaza, na ulipopata jerikeni moja ukazimwagilia, ziliendelea kukua. Ukamalizia kwa kusema kunde hizo zilibadilisha jeni zao, ndiyo maana hazikufa. Nakujibu kwa barua badala ya simu kwa sababu jambo hili linahitaji nafasi, na kwa sababu unataka kulifanya kuwa mradi wako. Nilifurahi kupita kiasi ulipolitaja. Miaka yote niliyofanya kazi maabara, hakuna swali linaloniamsha asubuhi kama hili: mmea usioweza kuhama unaishije mahali ambapo kila kitu kinabadilika?

Tuanze kwa kusema kwamba jeni za kunde zako hazikubadilika hata kidogo. Zile zilizokuwa ndani ya mbegu ndizo zilizomo leo. Jenomu ya kunde ilichapishwa mwaka 2019, na ina jeni karibu 30,000. Kila seli hai ya mmea wako, iwe ya mzizi au ya jani, imebeba seti hiyo nzima. Kinachobadilika ni jeni zipi zinasomwa kwa wakati fulani, na kwa kasi gani. Jeni ikisomwa, seli hutoa nakala yake katika umbo la RNA, nakala hiyo hutoka kwenye kiini, na ribosomu huisoma na kuunda protini. Nakala zikizidi, protini huzidi. Nakala zikikoma, protini ile hupungua hadi ikaisha. Hayo ndiyo tunayoyaita shughuli ya jeni, na huweza kubadilika ndani ya dakika chache. Kubadilika kwa jeni yenyewe ni jambo jingine kabisa. Hutokea mara chache, bila kulenga shida yoyote, na faida yake ikiwepo huonekana kwa vizazi.

Ukipanda matatu kwenda Westlands, utazame ule mugumo wa Waiyaki Way ulionusurika Novemba 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, wakati barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa. Wanaukadiria kuwa na zaidi ya miaka 100. Tangu amri ile itolewe, Kenya imepitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, kisha mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Mti haukuwa na pa kukimbilia, na jeni zake ni zile zile za siku ulipochipua. Umeyapita yote hayo kwa kuwa jeni hizo zinaweza kusomwa kwa namna nyingi sana.

Sasa tulifuate gunia lako saa baada ya saa, maana utamu uko humo.

Udongo unapoanza kukauka, mizizi ndiyo hutangulia kujua. Lakini maji yanapotelea majani, kwa hiyo habari lazima ipande juu. Mwaka 2018 kundi la Kazuo Shinozaki huko Japani lilionyesha njia mojawapo ya habari hiyo kupanda. Walitumia Arabidopsis, kimmea kidogo kilicho ndugu wa mbali wa sukuma wiki, ambacho maabara za dunia nzima hukitumia na ambacho huota chenyewe kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Mzizi ukikosa maji hutengeneza kipande kidogo sana cha protini, cha asidi amino 12 tu, ambacho hupanda na maji hadi kwenye jani. Kikifika, hupokewa na protini zilizokaa juu ya seli za jani, na jeni moja ndani ya seli hizo huanza kusomwa kwa nguvu.

Jeni hiyo inastahili uijue vizuri, kwa sababu ya kunde yenyewe imechunguzwa. Hutoa kimeng'enya kinachokata rangi za manjano zilizomo ndani ya jani, jamaa za ile rangi ya karoti, na kipande kinachokatika ndicho huishia kuwa homoni ya ukame, asidi ya absisiki. Katika mimea, jeni ya aina hii ilitambuliwa kwanza kwenye mahindi, mwaka 1997. Mahindi ambayo jeni yao hii ina hitilafu hushindwa kutuliza punje zake, zikachipua zingali kwenye gunzi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, watafiti wa Japani waliitenga jeni ya kunde. Walichagua kunde kwa makusudi, kwa kuwa zinavumilia ukame, wakaona kwamba jani likianza kukauka jeni hiyo huamka, na homoni hupanda nyuma yake. Kwa hiyo mboga unayoichuma kwa chakula cha jioni imo kwenye historia ya sayansi hii tangu mapema, na wengi wanaoila hawajui.

Homoni ikishapatikana, kinachofuata ndicho kinachonistaajabisha mpaka leo. Ungedhani mmea unaanza kujenga mtambo wa kujikinga siku ukame unapoingia. La. Mtambo upo siku zote, umeshikiliwa. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyoweza kuanzisha kazi yote ya kujikinga, na kuna vingine ambavyo kazi yao ni kuvizuia visianze. Ni matatu iliyoegeshwa mlimani kwa breki ya mkono: haihitaji kusukumwa, inahitaji kuachiliwa. Homoni inapofika, hukamatwa na protini pokezi, na protini hiyo iliyokamata homoni huenda kumshika yule mzuiaji. Mara moja vimeng'enya vya kazi viko huru. Protini pokezi hizo zilitafutwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2009 maabara mbili, ya Sean Cutler huko California na ya Erwin Grill huko Munich, zilipozipata kila moja kwa njia yake.

Vimeng'enya vilivyoachiliwa hufanya kazi mbili, na kila moja ina mwendo wake. Ya kwanza ni ya dakika chache, wala haingoji jeni yoyote isomwe. Kwenye seli zinazolinda vitundu vya jani, hufungua milango ya chumvi kutoka nje, maji hufuata chumvi, seli hulegea na kitundu hufungwa. Kunde ni hodari katika hilo. Hufunga mapema, jani lingali na maji ya kutosha, na saa za jua kali huinua vijani vyake visimame sambamba na miale ili jua lipite pembeni. Kesho saa saba mchana panda juu uzitazame. Sukuma wiki, yenye majani mapana yaliyotandazwa, haina ustadi huo.

Kazi ya pili ni ya kiini cha seli, nayo huchukua saa na siku. Protini maalumu huwashwa, hukaa mwanzoni mwa jeni fulani fulani na kuamuru zisomwe. Zinajuaje zikae wapi? Kwa kusoma herufi za DNA zilizotangulia jeni. Mwaka 1994 Kazuko Yamaguchi-Shinozaki na Shinozaki walielezea mfululizo mmoja wa herufi tisa, TACCGACAT, unaopatikana mbele ya jeni zinazoamshwa na ukame, chumvi na baridi. Mwaka 1998 zikajulikana protini zinazoushika mfululizo huo, zikaitwa DREB, ambazo nyingi huamka hata bila homoni ile. Mwaka 2002 maabara hiyo ilipima jeni kama 7,000 za Arabidopsis kwa mpigo, ikakuta 277 zimepanda sana kwa ukame, 194 kwa chumvi na 53 kwa baridi, na nyingine zikijirudia katika orodha zaidi ya moja. Humo mna protini za kulinda utando wa seli, vimeng'enya vya kutengeneza sukari zinazoshika maji, protini za kufyonza sumu za oksijeni, na pia jeni nyingi zinazoongoza jeni nyingine. Upande wa pili, jeni za kukuza jani na za usanisinuru hupunguzwa. Mmea ulioona ukame huacha kwanza kukua.

Hapo ndipo ninapotaka uweke akili yako yote, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotelea. Kujikinga ni gharama. Kitundu kilichofungwa hakipotezi maji, lakini pia hakiingizi hewa ya kaboni, na jani lisiloingiza kaboni halitengenezi chakula. Protini za kinga zinajengwa kwa naitrojeni ile ile ambayo ingejenga jani jipya. Watafiti wa Japani waliliona jambo hili waziwazi katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999. Walichukua jeni ya DREB wakaiwekea mwanzo unaoiamuru isomwe wakati wote, mvua au jua. Mimea ilivumilia ukame, chumvi na baridi kwa namna ya ajabu, lakini ilidumaa vibaya hata ilipomwagiliwa kila siku. Kisha wakaondoa mwanzo ule na kuweka mwingine uliotolewa kwenye jeni inayoamshwa na dhiki, ili DREB isomwe pale tu shida inapokuja. Udumavu ulikwisha karibu wote, na uvumilivu ukawa bora zaidi kuliko mwanzo.

Mimi nimeamini tangu nilipoisoma kazi hiyo kwamba swali la maana katika fani yetu ni lini jeni huamka, na kwa muda gani, na hulala lini. Utakutana na watu wengi, wengine wenye vyeo, wanaotafuta jeni ya ukame, kana kwamba iko moja imejificha mahali. Usijiunge nao. Mmea mzuri kwa mkulima ni ule unaoamka mapema ya kutosha, unaojibana kwa kiasi, na unaorudi kukua haraka mvua ikinyesha.

Historia yetu wenyewe inaunga mkono jambo hili. Mwaka 2008 ulianza mradi wa mahindi yanayotumia maji kwa uangalifu, ukiongozwa na AATF, shirika lenye makao hapa Nairobi, pamoja na kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT, kampuni ya Monsanto na taasisi za utafiti za nchi kadhaa, ya kwetu ikiwemo. Katika mradi ule ilikuwamo jeni ya bakteria, Bacillus subtilis, inayotoa protini inayosaidia RNA isijikunje vibaya seli inapokuwa katika dhiki. Jeni hiyo ilijadiliwa sana magazetini. Lakini mbegu zilizowafikia wakulima wa Kenya kuanzia 2013 kwa jina la DroughtTEGO zilizalishwa kwa njia ya kawaida, kwa kuchagua na kuchanganya vizazi vyenye jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo wakati wa ukame. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, watafiti wa Katumani kule Machakos walitoa mahindi ya kutoa maua na kukomaa mapema, yakawa yamevunwa kabla ukame haujakaza. Nao wa CIMMYT waligundua kitu kinachoonekana kwa macho shambani: mahindi yakipata kiu wakati wa maua, nywele za kigunzi huchelewa kutoka, chavua humwagika bure, na gunzi hubaki na mapengo. Wakachagua, kizazi hadi kizazi, mimea ambayo nywele zake hazichelewi. Hayo yote ni mambo ya wakati.

Kunde zenyewe zinafungua mlango mwingine. Chukua punje moja ya kunde kavu kutoka kwenye mkebe wa mama mboga. Imekauka kabisa, imekaa miezi, na ukiilaza kwenye kitambaa chenye maji inachipua. Jani la mmea ule ule likikauka namna hiyo hufa. Kwa nini punje iweze na jani lishindwe, ilhali jeni ni zile zile? Kwa sababu punje inapokomaa husoma jeni za kundi linaloitwa LEA kwa wingi mno, hukusanya sukari ndani ya seli, na protini hizo na sukari hizo hushikilia kila kitu mahali pake maji yanapoondoka. Jani la kunde husoma chache tu za jeni hizo, tena kidogo.

Sasa kuna mimea michache duniani ambayo majani yake pia huweza. Mmoja wao ni Craterostigma, wenye maua ya zambarau, unaoota Kenya kwenye udongo mwembamba juu ya miamba. Kiangazi majani yake husinyaa yakawa makavu, yamepoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi ya maji yake. Mvua moja ikinyesha, ndani ya siku moja hivi yamekuwa kijani tena. Dorothea Bartels na wenzake, Ujerumani, wameuchunguza mmea wa kundi hili kwa zaidi ya miaka 30. Wakati wa maji, jani lake huweka akiba ya sukari isiyo ya kawaida, oktulosi. Likikauka, oktulosi hupungua na sukrosi hujaa, huku jeni za LEA zikisomwa kwa nguvu ndani ya jani. Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye amefanya kazi na mimea ya namna hii maisha yake yote, anasema kwamba huita majanini jeni ambazo mimea mingine huzitumia kwenye mbegu tu. Mimi huliona wazo hilo kuwa zuri kuliko yote niliyosoma katika fani hii. Kunde zako zina nyenzo nyingi za namna hiyo tayari. Hazikuagizwa zizitumie kwenye jani.

Nisikuchoshe na nadharia. Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo lazima uyajue kabla ya kupima chochote.

La kwanza ni kwamba juu ya paa la ploti hakuna ukame peke yake. Kuna ukame na joto la saruji na mabati kwa pamoja, nayo hayajumlishiki. Joto linataka vitundu vifunguke ili jani lipoe kwa mvuke, ukame unataka vifungwe. Mwaka 2004 maabara ya Ron Mittler, Marekani, ilionyesha kwamba Arabidopsis iliyopewa ukame na joto pamoja huamsha jeni ambazo haiziamshi kwa ukame peke yake wala kwa joto peke yake. Hata kemikali hubadilika: kwenye ukame hujaza prolini, lakini joto likiongezeka huacha prolini na kujaza sukrosi. Ukileta matokeo ya paa la Kangemi ukayalinganisha na yale ya chumba cha mimea chenye kiyoyozi, utakuwa unalinganisha dhiki mbili tofauti.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska walikausha mimea, wakaimwagilia, wakaikausha tena. Baadhi ya jeni ziliamka kwa nguvu kubwa zaidi mara ya pili, na mimea ilipoteza maji polepole kuliko ile iliyokuwa inakauka mara ya kwanza. Alama za kikemia zilikuwa zimebaki kwenye histoni, zile protini ambazo DNA huzizunguka, na vimeng'enya vya kusoma vilikuwa vimesimama tayari mwanzoni mwa jeni hata baada ya maji kurudi. Kumbukumbu hiyo ilidumu siku chache tu, kisha ikafutika. Kwa hiyo kunde zilizopitia mgao wiki iliyopita hazilingani na zilizokuwa zikipata maji, hata kama zinafanana kwa macho. Na utakaposikia mtu akidai kwamba mimea huwarithisha wajukuu kumbukumbu za ukame, mwombe akuonyeshe ushahidi wake mmoja mmoja, kwa sababu alama nyingi za namna hiyo husafishwa mbegu inapoundwa.

La tatu ni saa. Karibu theluthi moja ya jeni za Arabidopsis hupanda na kushuka kila siku kwa kufuata saa ya ndani ya mmea, bila dhiki yoyote. Ukichuma jani la gunia kavu saa tatu asubuhi na la gunia lenye maji saa nane mchana, utapata mamia ya jeni zilizotofautiana, na nyingi hazitakuwa na habari yoyote na maji. Chuma yote kwa wakati mmoja, jani la tatu kutoka kileleni kila mara, na litumbukizwe papo hapo kwenye naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, maana jani lililokatwa linaendelea kusoma jeni za kidonda mkononi mwako. Vaa glavu. Mikono ya binadamu ina vimeng'enya vinavyoila RNA. Na jeni utakayoitumia kama kipimo cha kulinganishia, ithibitishe kwanza kwamba yenyewe haipandi wala kushuka kwa ukame.

Usione kwamba kazi hii lazima ifanyiwe Ulaya. Hapa ninapokuandikia, ng'ambo ya barabara ni taasisi ya utafiti ya ILRI. Jina lake ni la mifugo, lakini maabara zake husoma mimea pia. Mwaka 2023 Isaac Njaci na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications jenomu ya njahi, kazi iliyoongozwa na watafiti wa Kiafrika, na sehemu ya usomaji wa DNA ilifanywa humo humo kwa mashine inayotosha kiganjani. Njahi, ambayo Cucu humpikia kila mama aliyejifungua! Ni zao linalostahimili ukame kuliko maharagwe, na kwa miaka mingi fedha za utafiti ziliipita zikaenda kwingine. Sasa ramani ipo. Anayetaka kujua njahi husoma jeni gani udongo unapokauka, ana mahali pa kuanzia, na kazi hiyo bado ni changa kiasi kwamba mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuichangia.

Ndiyo maana ningependa ufikirie kuweka njahi kando ya kunde, na sukuma wiki iwe ya tatu. Tumia magunia mengi kwa kila zao, si moja moja. Yapime uzito kila asubuhi kwa mizani ya kupimia viazi, ujue kila gunia limepoteza maji kiasi gani, na uyaache yakauke polepole, kwa wiki kadhaa, kama shamba linavyokauka. Majaribio mengi niliyoyaona yanang'oa mche na kuuacha mezani saa chache. Hayo hupima hofu ya kifo, na mkulima wa Kajiado hajawahi kuona ukame wa namna hiyo.

Kisha uyarudishie maji, na hapo ndipo nataka uwe mkaidi kuliko walimu wako. Wengi huchuma majani wakati wa kukauka wakaishia hapo. Wewe uendelee kuchuma: siku ya kwanza baada ya maji, ya pili, ya nne, ya saba. Tuone ni zao lipi hunyamazisha jeni zake za ukame upesi na kurudi kukua, na lipi hubaki limejibana. Pima pia mboga kwa gramu, kila unapochuma, ili mwisho tuweze kuweka shughuli ya jeni kando ya chakula kilichopatikana. Kuanza na jeni tano au sita kunatosha. Ile ya homoni niliyokueleza iwe ya kwanza, tuongeze DREB moja, LEA moja, na mbili za ukuaji.

Njoo Jumamosi hii kabla ya saa nne. Shuka Uthiru, nitakungoja stejini. Beba daftari, picha za magunia yote, na orodha ya siku ulizokosa maji tangu Januari, hata kama ni ya kukisia. Nitakuwa nimepata mbegu za njahi za aina mbili kutoka Kikuyu. Masika yakianza Machi tutapoteza nafasi ya kukausha chochote juu ya hilo paa bila turubai, kwa hiyo tuamue siku hiyo hiyo kama tunaanza sasa au tunangoja Juni.

Msalimie baba yako, umwambie dada yake anamdai simu. Mama yako mwambie asante kwa unga.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.